Barua ya Kuwahamisha Wapangaji wa Kiwanja 212

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata njia ya kuwa tajiri. Naiandika hapa kwa sababu kuisema kwa mdomo siwezi. Mimi hata kudai chenji dukani naona haya. Namwachia mwenye duka, naondoka mbio kama mwizi.

Njia yenyewe ni nyumba za mnada. Mtu anakopa benki, anaweka nyumba dhamana, anashindwa kulipa, benki inaiuza haraka kwa bei ya kutupa. Unanunua, unapaka rangi, unauza. Basi! Orodha ipo kwenye ubao wa matangazo wa benki, yote kwa Kiingereza, na watu wanaipita kama ukuta. Mimi nimesoma kwa lugha mbili. Hapa nyumbani mimi ndiye msomaji wa bili, maelezo ya dawa na vitisho vyote rasmi. Hatimaye elimu italipa.

Nimeshachagua. Kiwanja namba 212, Kitalu D, vyumba vitatu. Maelezo ya mthamini yamenichekesha: kuta zina nyufa, bomba la uani linavuja, jiko limejaa masizi mpaka darini, wapangaji ni watu wa kipato cha chini. Watu gani hao wanaoishi hivyo?

Mama ameniita mara tatu nikamwage beseni lililo chini ya bomba. Sijaenda. Nawaza mambo makubwa.

Jumatano, 5 Machi

Mjomba amekubali! Ni kinyozi, mdogo wake Mama, na anaweka akiba ya kununua kiti cha pili, kile kinachozunguka. Nilimwandikia mpango kurasa nne, nikampa, nikasubiri nje. Aliniita ndani akiwa amemwacha mteja na kichwa nusu. Akauliza, na wapangaji je? Nikamwambia nyumba tupu ndiyo yenye bei, kwa hiyo watoke. Akauliza nani atawaambia, maana yeye hana uso wa kumwambia mtu maneno hayo. Mimi ndiyo kabisa. Lakini kwenye karatasi mimi ni simba.

Nimeandika barua ya kuwahamisha. Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Sijawahi kuandika kitu kizuri hivi. "Unatakiwa kuhama ndani ya siku kumi na nne. Machozi, maradhi, mitihani ya watoto na ahadi za mwezi ujao havitapokelewa kama sababu." Mjomba alisema tuwape walau siku thelathini, nao ni watu. Nikamweleza kwamba huruma ndiyo inayofilisi wenye nyumba. Yule wa kichwa nusu akasema kwa barua hiyo hata yeye angehama, na anakaa kwake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepeleka barua benki. Nilisimama mlangoni kwa afisa wa mikopo dakika ishirini nikishindwa kubisha hodi. Alipotoka kwenda kula nikaingia, nikaiweka mezani, nikakimbia. Nilibandika kijikaratasi: sisi wanunuzi tunaomba wapangaji wa 212 wakabidhiwe barua hii mapema, waanze kuzoea.

Kesho tunapelekwa kuiona nyumba.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Afisa alitupakia kwenye gari la benki: mimi, Mjomba, na mnunuzi mwingine, muuza saruji ambaye kila mtu anamwita Bwana Mifuko. Tukapita sokoni. Tukakata kona kwenye mashine ya kusaga. Nikafikiri, njia hii inafanana na ya kwetu. Tukasimama mbele ya geti la kijani. Nikafikiri, hata geti linafanana.

Geti likafunguliwa na Mama, futi yake ya kupimia nguo za wateja shingoni.

Sasa nani anajua namba ya kiwanja anachopanga? Sisi huandika "geti la kijani, nyuma ya mashine ya kusaga", hata kwenye fomu za shule. Kumbe mwenye nyumba, ambaye hajawahi kuchelewa kufuata kodi hata siku moja, ana mwaka wa pili hajailipa benki. Afisa aliyaeleza hayo kwa upole sana. Kisha akafungua faili, akamkabidhi Mama barua yangu.

Mama aliisoma yote. Akageuza upande wa Kiingereza, ambao hausomi, akautazama nao mpaka chini.

"Mwandiko huu naujua," alisema.

Mjomba aligeukia ukuta, akaanza kukagua nyufa kwa bidii. Bwana Mifuko akaomba naye aione barua. Akaisoma taratibu, akilamba midomo.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Wageni walipoondoka aliniuliza swali moja tu.

"Hiyo mitihani ya watoto, ni mtoto gani?"

Jumanne, 11 Machi

Hali ni hii: tuinunue sisi, au tuhame. Mama ana akiba ya cherehani ya pili. Ikiunganishwa na ya kiti cha Mjomba, tunapata ile robo ya bei inayolipwa papo hapo mnadani. Iliyobaki tutakopa. Tatizo hawasemezani. Mama anasema mtu aliyenyonya ziwa moja naye amekuja kumtoa ndani kwake kwa gari la benki. Mjomba anasema yeye alitaka siku thelathini.

Nimebuni mbinu. Tutakaa mbali mbali, tusitazamane, ili Bwana Mifuko asijue sisi ni kitu kimoja. Mama akanivuta pembeni, akauliza nani atakuwa anainua namba. Nilimtazama usoni nikaona siwezi kumtaja Mjomba. Nikasema yeye. Baadaye Mjomba akanivuta pembeni nyingine kwa swali lilelile. Nikasema yeye.

Kesho nitawaeleza vizuri.

Alhamisi, 13 Machi

Jana sikuwaeleza.

Leo mnadani Mama alikaa mbele, namba 9. Mjomba alikaa nyuma, namba 31, kati yao nguzo nene. Nguzo niliichagua mwenyewe. Mnada ukaanza, Mama akapanda, Bwana Mifuko akapanda, kisha Bwana Mifuko akashusha namba yake na kuanza kujipepea nayo. Yamekwisha! Ni yetu!

Dalali akaita namba thelathini na moja. Mama hakugeuka, nilimkataza. Akainua. Mjomba hakuchungulia, nilimkataza. Akainua. Wakaendelea hivyo, kila mmoja akimkomoa adui asiyemwona.

Nilisimama nipige kelele. Ukumbi mzima ukanitazama. Dalali akaniambia choo kiko kushoto.

Nikaenda chooni.

Niliporudi Mama alikuwa ameshinda, kwa bei ambayo robo yake inameza akiba zote mbili na bado inadai. Asiyeweza kulipa robo hapo hapo hurukwa, anaitwa wa pili. Wa pili akatokea nyuma ya nguzo, na ndipo walipoonana. Sitasahau. Bei yake nayo hatukuiweza. Wa tatu alikuwa Bwana Mifuko, kwa bei yake ya mwisho, ambayo tulikwisha kuipita na ambayo tungeimudu.

Jumatatu, 17 Machi

Bwana Mifuko ameleta barua ya kuhama. Niliijua kabla haijafunguliwa. Aliomba nakala benki, akaweka jina lake.

Mama alinipa niitafutie mwanya. Nikasema nina mitihani tarehe ishirini na sita. Tukasoma mstari. Akasema ana presha. Mstari uleule. Hakuna mwanya hata mmoja. Nilivyoiandika nilihakikisha.

Bwana Mifuko aliuliza ni mwanasheria gani aliyeiandika, kwa kuwa ana nyumba nyingine mbili. Mama akaninyooshea kidole. Bwana Mifuko akanipa mkono, akasema nina kipaji. Naona aibu kukiri, ila nilifurahi.

Jumatatu, 31 Machi

Tunaishi chumba cha nyuma, kwenye duka la kunyolea la Mjomba. Cherehani ya Mama iko mbele, pale ambapo kiti cha pili kingekaa, chini ya kioo chenye ufa. Nywele zinaingia kwenye magauni ya wateja. Mama na Mjomba wamepatana kabisa. Jioni wanakaa pamoja wakinisema. Nimeapa mbele yao sitagusa tena mambo ya mnada.

Lakini leo nimepita benki. Kiwanja namba 87, Kitalu B! Bei ya bure! Mara hii nimekuwa makini, nimeikagua namba mara mbili: si 212. Mthamini anasema chumba cha mbele kinatumika kwa biashara, kioo kina ufa, sakafu imejaa nywele, na wapangaji wamejazana chumba cha nyuma na cherehani yao. Watu gani hao wanaoishi hivyo?

Barua yao nimeshaipeleka. Nimewapa siku saba.