Punda Katika Picha ya Mazombi

Jumatatu, 4 Agosti

Dada yangu mpenzi, hujambo? Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Watoto wote wazima? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, ila shemeji yako bado anakoroma. Tulikubaliana niwe nakuandikia kidogo kidogo kila siku, halafu nikutumie zote kwa pamoja. Basi wiki yenyewe ndiyo hii. Soma ukiwa peke yako.

Imekuja picha ya sinema mjini. Mazombi. Maiti zinafufuka bila ruhusa ya Mwenyezi Mungu, zinauma watu, dunia inaisha. Wanasema imetengenezwa kwa fedha za kujengea mji mzima, na mji mzima umekwenda kuitazama. Mimi sijaitazama. Unajua siwezi, maana ni mimi niliyesimama kwenye umoja wa akina mama kanisani nikasema mwanamke mwenye heshima zake haendi kukaa gizani kutazama makaburi yakifunguka. Nilipigiwa makofi. Mwenyekiti alinikumbatia.

Sasa makofi yananitokea puani.

Kazi yangu unaijua. Kichwa kimoja cha rasta ni nusu siku. Mteja hawezi kukaa nusu siku anatazama ukuta, anataka maneno, na wiki hii maneno ni hayo hayo tu. Leo kaketi kwenye kiti changu binti wa mwenye duka la vitambaa, anayeolewa mwisho wa mwezi. Anatafuta msusi wa kumsuka yeye, wapambe wake, mama, shangazi, ukoo mzima. Vichwa vya kunilisha mpaka Krismasi. Akaniuliza, mama, ule mwisho wa picha uliuonaje? Nikamwambia, mwanangu, mwisho ni mwisho. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeguswa. Nikajua nimepona.

Alipotoka alivuka barabara moja kwa moja mpaka kwa wifi yangu.

Ndiyo, dada. Wifi yangu, tumbo moja na shemeji yako, niliyemfundisha mwenyewe kushika kitana, kafungua saluni mkabala na yangu. Ana vioo kila ukuta. Picha ameitazama mara mbili. Ameandika kwa chaki mlangoni: Njoo usukwe, njoo tujadili.

Bibi harusi atarudi kwangu Alhamisi nimsuke kichwa cha majaribio, kisha achague kati yetu. Akichagua ng'ambo, wateja wote watamfuata. Mimi nitabaki nasuka mikeka.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza. Rahisi kabisa. Nachukua maoni ya mteja huyu nampa yule. Huo si uongo, ni kugawana.

Asubuhi aliingia nesi. Akasema picha ile ni upuuzi, mtu aliyevunjika kifundo cha mguu hawezi kukimbia vile, na maiti wale wanakimbia kama wanawahi basi. Nikasema hicho ndicho kilichonikera hata mimi. Akafurahi. Nikamwosha, nikamtia rola, nikamwingiza kwenye draya.

Akaja mwalimu wa hesabu. Yeye akasema uzuri wote wa picha uko kwenye zile mbio. Mazombi ya zamani yalikuwa yanajikokota, unaweza kupika ukala ukaosha vyombo kabla hayajakufikia. Nikasema hicho ndicho kilichonifurahisha hata mimi. Unajua draya ilivyo: aliye ndani hasikii kitu, anaona midomo tu. Nikapata ujasiri. Nikamzidishia mwalimu utamu, tena kwa kupaza sauti maana draya inavuma. Nikamwambia watu wa hospitali wasipelekwe kwenye picha hata siku moja, wanakwenda mle kupima presha za maiti.

Umeme ulikatika kwenye neno presha. Draya ikazima. Saluni ikawa kimya kama kanisa siku ya kazi, na katikati ya kimya hicho sauti yangu, kama ya mnadani, ikamalizia: za maiti.

Nesi aliinuka, akavuka barabara na rola zake kichwani. Wifi alimfungulia mlango, akanipungia mkono. Nami nikampungia. Tumeagizwa tupendane.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa pili. Shemeji yako.

Kanisani nilisema mwanamke mwenye heshima. Kuhusu mume wake sikusema kitu. Nimemfungisha kibanda chake cha viatu mapema, nikamvisha koti, nikampeleka onyesho la mchana. Nilimpa maagizo mlangoni: atazame yote, akumbuke yote, aniletee maoni.

Alirudi jioni na bisi kwenye ndevu. Nikamkalisha, nikamtilia chai, nikamhoji. Akasema picha ni nzuri sana. Nikauliza uzuri wake uko wapi. Akafikiri kidogo, akasema kulikuwa na punda. Kuna kasichana kanavuka mlima wa theluji na punda, punda anachoka, kasichana kanavua koti lake kanamvika punda. Hapo shemeji yako akafuta macho. Unamjua, msibani hakulia hata kwa mama yake.

Nikauliza, na mazombi? Akasema yapo, yapo mengi, mwishoni ikaja helikopta. Nikauliza mazombi yalimfanya nini punda. Akasema hapo hakuona vizuri, mbele yake alikaa mtu mwenye kofia.

Miaka yote ya ndoa, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemtuma kitu akakileta. Nimemkatia kipande kikubwa cha nyama.

Alhamisi, 7 Agosti

Bibi harusi alikuja na shangazi yake, mwanamke mzito wa maneno na macho. Nikaanza kusuka. Niliwaacha waanze wao. Shangazi akasema picha ndefu mno, nusu ya kwanza ingekatwa. Bibi harusi akasema nusu ya kwanza ndiyo ya mapenzi, ikikatwa hakuna sababu ya kuwaogopea watu wasife. Wakanigeukia mimi.

Nikaachia kitana. Nikashusha pumzi. Nikasema, kwangu mimi picha nzima ni yule punda.

Shangazi akauliza punda yupi.

Mtu mwingine angerudi nyuma, dada. Mimi nikasonga mbele. Nikasema punda wa kwenye theluji, aliyevikwa koti. Nikasema wanaotazama kwa haraka humkosa. Nikasema punda yule ni sisi binadamu, tumebebeshwa, tumechoka, tunasubiri koti. Bibi harusi machozi yalimlengalenga. Akasema ameitazama mara mbili na punda hakumwona, alikuwa wapi?

Hapo akaingia wifi. Eti kuazima kitana. Yeye ana vitana vya kuziba mlango. Alisimama akasikiliza habari ya punda mpaka mwisho, uso umetulia kama maji ya mtungi. Kisha akasema kwa sauti ya asali kwamba wifi yake tangu zamani ana jicho kali, na ingekuwa vizuri twende wote kesho atuonyeshe huyo punda. Bibi harusi akapiga makofi. Akasema baada ya hapo atachagua.

Nilitaka kukataa. Kisha nikafikiri vizuri. Nilichokataza kanisani ni kwenda kutazama. Mimi siendi kutazama, naenda kuonyesha. Nikishamwonyesha punda najifunika uso.

Ila kile kicheko cha wifi alipokuwa anavuka barabara sikukipenda. Na kitana changu kaondoka nacho.

Ijumaa, 8 Agosti

Onyesho la saa tisa alasiri. Nilijifunga mtandio mpaka kwenye nyusi, nikavaa miwani ya shemeji yako ya kushonea viatu, ili mtu wa umoja asinitambue. Muuza tiketi akasema karibu mama saluni.

Tulikaa mstari mmoja, mimi katikati ya bibi harusi na shangazi yake. Wifi alichagua kiti cha nyuma yangu hasa, na mfuko mkubwa wa bisi mapajani. Tulikuwa tumewahi, wifi ndiye aliyesisitiza tuwahi. Taa zikazimwa. Nikaanza kusali kimoyomoyo. Sijafika hata amina, theluji hiyo hapo. Mlima. Kasichana. Punda.

Nilisimama. Nikanyoosha kidole. Nikasema kwa sauti iliyomfikia muuza tiketi: Punda huyo! Si niliwaambia?

Yakatokea maandishi makubwa: INAKUJA HIVI KARIBUNI.

Ukumbi mzima ulicheka. Mtu wa nyuma akasema, mama, kaa, huyo punda ni wa picha ijayo, ya mazombi bado haijaanza. Ndipo nikaelewa, dada. Shemeji yako alitazama matangazo, akalala, akaamshwa na helikopta. Na wifi alijua tangu jana. Alikuwa amepaliwa na bisi kwa kucheka. Nilimwombea apone, lakini si haraka.

Nikakaa. Bibi harusi hakunitazama. Nikajua kazi imekwenda, na wateja wamekwenda nayo. Picha ikaanza, nikajifunika uso kwa mkoba. Masikio lakini hayana kope. Nikasikia meno, mbio, watu wakiita mama zao. Na mkoba wangu una tundu pale zipu ilipoachia. Sikulitafuta lile tundu, lenyewe lilinijia jichoni.

Nikamwona dada mwenye bunduki, ndiye shujaa. Dunia imeisha mwaka mzima. Anakunywa maji ya kwenye dimbwi, analala juu ya paa, anakula vya makopo. Na kichwani ana mistari iliyonyooka kama imepigwa kwa rula, ngozi inang'aa mafuta. Nikasahau kuwa nimejificha. Nikasema, jamani, huyu anasukwa na nani? Nywele za juzi hizi.

Sauti ya nyuma ikajibu papo hapo: za juzi wapi, za asubuhi, tazama ukingo ulivyolazwa kwa jeli. Ni wifi. Nikageuka nikamuuliza jeli kaipata wapi na maduka yote yamechomwa. Akasema basi kuna msusi amenusurika, wamemficha. Nikasema huyo msusi ndiye wangemtengenezea picha. Zombi moja likamrukia shujaa likamkamata nywele, nikasema zinafumuka hizo. Wifi akasema hazifumuki. Hazikufumuka. Tukauliza kwa pamoja ni uzi gani.

Watu wakatunyamazisha. Halafu mzee mmoja wa mbele akaomba tuseme kwa sauti, huko kwao hawasikii. Kuanzia hapo, kila aliyeingia kwenye picha, watu waligeuka kututazama sisi. Alipoingia jenerali tukasema wigi, tena wamemvalisha kinyume. Ukumbi ulipiga makofi. Mazombi tukayapitisha karibu yote. Nywele zao zilikuwa za haki.

Nje, bibi harusi alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akasema ameitazama mara tatu na leo ndiyo ameifaidi. Akasema anataka kichwa kama cha yule shujaa, nywele zisizofumuka hata dunia ikiisha. Na anataka tumsuke sisi wawili, nyumbani kwao, mmoja kushoto mmoja kulia, tukibishana. Tukikataa anakwenda kutafuta msusi mji mwingine.

Mimi na wifi tukatazamana kama mazombi mawili yaliyofika kwa mtu mmoja. Tukasema sawa.

Punda hakutajwa tena. Shemeji yako leo kalala bila nyama.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi alikuja mwenyekiti wa umoja. Sikuwa hata nimefungua dirisha. Akasema ameambiwa nilionekana ukumbini, tena nimesimama, tena nanyoosha kidole. Nikamwambia nilikwenda kumsindikiza binti wa watu anayeolewa, asikae gizani peke yake na maiti, na muda wote nilijifunika mkoba. Akasema hilo ni jema. Akachezea ushungi wake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama yule dada mwenye bunduki alipona, maana yeye alilazimika kutoka kabla haijaisha, alimwona katekista mstari wa mbele. Nikamwambia alipona. Akasema Mungu ashukuriwe.

Mchana tulikwenda mimi na wifi kwa bibi harusi kuchagua rangi za rasta. Tulielewana vizuri sana, tuligombana mara chache tu, na kitana changu nimekirudisha bila yeye kujua. Nilipokuwa natoka nilijiambia, tazama, uliposema ulichokiona kwa macho yako na unachokijua kwa mikono yako, mambo yalinyooka. Nikaazimia kubaki hapo hapo.

Tukakutana mlangoni na mama wa bwana harusi. Mwanamke wa heshima, nywele nyingi, na ana mabinti wengi. Anatafuta msusi wa upande wao. Akasema yeye mazombi hayapendi hata kidogo, anachosubiri ni ile ya kasichana na punda, huko kwenye miji mikubwa imeshaanza, huku bado. Akauliza kama kuna kati yetu aliyebahatika kuiona.

Nikasema nimeiona, mama. Punda yule alinitoa machozi, na mwisho wake sitausahau maisha yangu. Wifi akasema yeye ameiona mara mbili.

Basi dada, ujue kwamba mwezi uliopita nilikuja kwako na ulinipeleka kuitazama, mtu yeyote asije akakuuliza ukashangaa. Mama wa bwana harusi anakuja kusukwa Jumamosi ijayo, nusu siku nzima, anataka tuzungumzie mwisho. Huko kwenu inaonyeshwa. Nenda ukaitazame, hata kama goti linauma, na usimpeleke mtu anayesinzia. Nataka kujua jambo moja tu: punda anakufa au hafi?

Tafadhali nijibu upesi.