Hakuna Kumpita Komodoa

Idara ya Maji Yaliyotuama inayo fahari kuutangazia umma wa Tumaini Chini, na dunia kwa jumla, kwamba mbio za matanga za kuwania Kombe la Kudumu la Komodoa zilifanyika masika haya kwa mafanikio makubwa, na kwamba mshindi alipatikana kwa kufuata kanuni. Uvumi unaosambazwa vibandani eti Idara iliaibika upuuzwe. Idara haiaibiki. Haina kifungu kinachoiruhusu.

Mimi ndiye Kweyu, Katibu wa Mbio, afisa wa daraja la pili, na kanuni zote za mbio hizi niliziandika kwa mkono wangu. Nasema haya mapema ili mtu asije akaniambia nimesimuliwa.

Kwa wasiofika kwetu, Tumaini Chini ni mtaa ulio bondeni, ukitoka mtaa wa Fedha ukiteremka kuelekea mtoni. Zamani mvua ilikuwa inanyesha, maji yanapita barabarani, yanaingia mtaroni, yanakwenda zake mtoni bila mpango wala usimamizi. Ndipo Mheshimiwa Wahome, Mkurugenzi wa Idara yetu, akajenga godauni lake mwisho wa mtaa. Kwa bahati njema, ukuta wa godauni ulisimama katikati ya mtaro. Tangu masika hayo maji yakaacha tabia ya kuondoka.

Watu wenye fikra finyu waliyaita mafuriko. Mheshimiwa alipanda juu ya gari lake, akaitazama barabara iliyogeuka ziwa, akaona mbali. "Hii si shida," akasema. "Hii ni rasilimali." Wiki hiyohiyo tukaanzisha klabu ya mashua. Yeye akawa Komodoa, ambacho ndicho cheo cha mkuu wa klabu kama hizi huko ng'ambo, na mimi nikaagizwa kuandika mila zetu za kale. Nilizimaliza Ijumaa jioni.

Ni mila chache na za haki. Ya kwanza, mwenye kombe ndiye Komodoa, mpaka ashindwe. Ya pili, hakuna kumpita Komodoa, popote palipo na maji au palipowahi kuwa na maji. Hayo maneno ya mwisho aliyaongeza Mheshimiwa mwenyewe, baada ya bodaboda kumpita wakati wa kiangazi kwenye barabara hiyohiyo na kumwachia vumbi. Ya tatu, chombo kikigusa chini si chombo tena, ni kizuizi. Ya nne, mshindi huchagua maji ya mbio zijazo, na Idara huyahamishia maji huko mara moja, bila mjadala. Kila mwaka Komodoa alichagua maji yaleyale, nasi kila mwaka tukayahamisha kutoka pale yalipo hadi pale yalipo, kwa uangalifu mkubwa.

Msomaji makini ataona kwamba ukiunganisha mila ya kwanza na ya pili, Komodoa hushinda. Hiyo si dosari. Huo unaitwa uthabiti. Jina lake limechongwa kwenye kombe mara nyingi hivi kwamba sasa imebaki nafasi chini ya mkono wa kombe tu.

Ile ya tatu niliiongeza mwaka jana kwa sababu ya Dishon, fundi wa kuchomelea vyuma. Dishon alishiriki kwa chelezo cha mitungi ya plastiki. Upepo ukamshika, akaanza kumkaribia Komodoa kwa kasi isiyo na adabu. Ili asimpite, akateremsha mguu kufunga breki, na mguu ukagusa lami. Nikampulizia filimbi, nikamtoa mbioni, na kanuni nikaiandika usiku huo.

"Sasa Katibu, ningefanya aje?" akaniuliza, maji yakimtiririka masikioni. "Ningempita ama nisingempita?"

"Yote mawili ni makosa," nikamweleza.

"Manze," akasema Dishon.

Mwaka huu Idara iliamua kupiga hatua. Maji yetu, yaliyokuwa yakija masika na kukauka kiangazi kama kibarua, sasa yangeajiriwa kwa kudumu. Mtaa wa chini ungekuwa Hifadhi ya Mashua, na nyumba zote za mstari wa mwisho zingebomolewa ili maji yapate nafasi ya kupumua. Nikapita na kopo la rangi nyekundu, nikichora X. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Triza.

Triza ana chumba cha kulelea watoto. Kina mama wanaofanya kazi viwandani humwachia wadogo wao alfajiri na kuwachukua jioni. Wakati wa mvua huwapanga juu ya meza, wanaimba huko huko juu, na yeye anatembea katikati yao majini akiwa amekunja sketi. Mtaa mzima humwita Ticha.

"Kweyu, hii X ni ya nini kwa mlango yangu?"

"Ni alama ya heshima, Ticha. Nyumba yako imeteuliwa kupisha urithi."

"Na hawa watoto nitaweka wapi? Mama zao wako kazi saa hii. Nikifunga hapa, hao wote wanakaa nyumbani, na wakikaa nyumbani hakuna mtu anakula."

"Idara inawapongeza kwa bidii yao."

Alinitazama kama mtu anayechungulia maziwa kuona kama yameganda. "Mnabomoa lini?"

"Mara tu baada ya mbio, Komodoa akishachagua maji. Ni utaratibu."

"Kwani lazima akuwe yeye wa kuchagua?"

"Anayeshinda ndiye huchagua."

"Basi niandike na mimi."

Nikamwandika, kwa kuwa mila haibagui. Nikamuuliza atashiriki kwa chombo gani.

"Hii mlango," akasema, akiupiga kofi. "Si mmeshaiweka X? Haina kazi ingine."

Siku ya mbio ilifana. Tulifunga hema kwenye kilima kidogo cha takataka, tukapanga viti vya plastiki na kimoja cha sofa cha Komodoa. Mbio huanzia kwenye ukuta wa godauni, ambako maji hufika kifuani, na kumalizikia kwenye posho mill, kile kinu cha kusagia unga, ambako hufika magotini. Washiriki walijipanga. Dishon kwenye mitungi yake. Ndugu wawili ndani ya friji isiyo na mlango. Ticha Triza amepiga magoti juu ya mlango wake, leso imefungwa kwenye mti wa ufagio kama tanga, na ile X nyekundu inaonekana vizuri.

Halafu lori likarudi nyuma taratibu, likashusha majini chombo cha Komodoa. Miaka yote Komodoa alikuwa akishinda kwa mtumbwi wa bati. Mwaka huu, kwa ajili ya hadhi ya Hifadhi, alikuwa ameagiza mashua halisi ya matanga kutoka ng'ambo, nyeupe pe, mlingoti wake umezipita nguzo za stima. Nakiri machozi yalinilengalenga. Chini yake ilikuwa na mkuku, yaani lile panga refu la chuma linaloizuia mashua isipinduke baharini.

"Na hiyo kisu ya chini?" akauliza Nthoki, muuza mayai ya kuchemsha.

"Inashikilia heshima," nikamjibu.

Nikapuliza filimbi. Komodoa akatangulia, kama ilivyo mila, amevaa kofia nyeupe na vifungo vya dhahabu, mkono mmoja umeshika usukani na mwingine unapungia umati. Wengine wakamfuata kwa unyenyekevu. Ilikuwa picha ya utawala bora.

Sasa, katikati ya barabara yetu kuna bampu, yaani tuta la kupunguza mwendo wa magari. Kila mtu Tumaini Chini analijua bampu hilo, kwa maana lilijengwa na Mheshimiwa mwenyewe kiangazi fulani, na alilizindua kwa kukata utepe. Fundi alitaka kulijenga dogo. Mheshimiwa akakataa, akasema maendeleo lazima yaonekane kutoka mbali. Sasa lilikuwa chini ya maji, na maji hayaheshimu maendeleo.

Mashua ikakwaruza kama ukoko kwenye sufuria, ikatetemeka, ikasimama. Kofia ikaendelea na safari peke yake.

Nyuma, vyombo vyote vikasimama pia. Hakuna aliyethubutu kupita. Ticha akaulaza ufagio ili leso isishike upepo, nyuma yake friji, nyuma ya friji Dishon, foleni nzuri iliyonyooka, watu wanaelea na kusubiri. Ningependa wageni wa ng'ambo wangeiona foleni ile.

"Nisukumeni!" Komodoa akapaza sauti.

Hakuna aliyejongea.

"Nyinyi! Shukeni mnisukume!"

"Mheshimiwa," akasema Dishon kwa upole sana, "tukishuka tunagusa chini. Last year niligusa kidogo tu, kidole, nikatolewa. Uliza Katibu."

"Katibu!" Komodoa akanigeukia. "Toa uamuzi haraka!"

Nilisimama. Nikaiweka tai sawa. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na huu msumeno niliunoa mimi.

"Mheshimiwa," nikasema, "mashua yako imegusa chini."

"Naona!"

"Kwa mila ya tatu si chombo tena. Ni kizuizi."

Nthoki akaacha kumenya yai.

"Kweyu," akasema Komodoa polepole, "wewe umeajiriwa na nani?"

Swali lile lilinichoma. Nimemshikia mwavuli miaka yote hiyo. Nimemwandikia hotuba, hata ile ya msiba wa mama yake. Akitaka kunitukana anitukane, nimezoea. Lakini ile kanuni niliiandika usiku stima zikiwa zimepotea, neno kwa neno, na asitake niitupe mbele za watu kwa sababu ya bampu.

"Nimeajiriwa na Idara," nikajibu. "Washiriki wanaruhusiwa kukipita kizuizi. Wapite kushoto."

Ticha ndiye aliyekuwa mbele kwenye foleni. Akauinua ufagio, leso ikajaa upepo, na mlango ukateleza juu ya bampu bila hata kugusa, kwa kuwa mlango hauna heshima yoyote inayoning'inia chini. "Pole, Mheshimiwa," akasema akipita. "Pole sana." Akafika posho mill, akashuka, akaukumbatia mlango wake kwanza kabla ya mtu yeyote.

Mheshimiwa alibebwa mgongoni hadi hemani, maji yakiwa ndani ya viatu. Akapendekeza sherehe iahirishwe. Nikamkumbusha mila ya nne, nikamkabidhi Ticha kombe, na kumwomba achague maji ya mbio zijazo.

Ticha aliangalia nyumba za mstari wa mwisho, zote zina X. Akaangalia ukuta.

"Nachagua ndani ya godauni ya Mheshimiwa."

"Haiwezekani!" akaruka Mheshimiwa.

"Na maji ihamishwe saa hii," akaendelea Ticha. "Kweyu, si hivyo ndio uliandika? Mara moja, bila mjadala?"

"Neno kwa neno," nikasema, na sitaficha kwamba nilifurahi kuona mwananchi aliyesoma kanuni. Hata kitaalamu lilikuwa chaguo bora: uwanja wenye paa. Nikaidhinisha papo hapo ukuta ufunguliwe ili kurahisisha uhamisho. Dishon akaleta nyundo kubwa, na mtaa mzima, ambao kwa kawaida hauna muda wa kusaidia Idara, ukajitolea.

Ukuta ulipoanguka, maji yalikimbia kama yaliyokuwa yamefungwa jela. Yakaingia godauni, yakajaa, yakasukuma mageti ya upande wa mtoni, mageti yakafunguka, na magodoro yakaanza kutoka. Godoro baada ya godoro, yote mapya, yamo ndani ya plastiki, yanaelea kwa madaha, na mablanketi juu yake. Kila moja lilikuwa na maandishi: MSAADA WA MAFURIKO, TUMAINI CHINI.

Watu walitazama. Ndugu wa kwenye friji, ambao wamelala juu ya katoni masika yote, waliyasoma maandishi hayo mara mbili.

"Nilikuwa nayahifadhi," akasema Mheshimiwa, "yasiloweshwe na mafuriko."

Niliyapokea maelezo hayo, kwani kwa kweli yalikuwa makavu mpaka dakika ile. Lakini wananchi walikuwa wameshaingia majini. Kila mtu akatoka na godoro lake kichwani, na jioni barabara yetu ikaonekana tena, imejaa matope na samaki wadogo wasiojua wamefikaje. Maji yalikuwa yamekwenda zake mtoni, bila mpango wala usimamizi.

Kwa kuwa maji yalikwisha kuhama, hapakuwa na sababu ya nyumba kuyapisha. Zile X nilizifuta mwenyewe. Ya Ticha alikataa isifutwe. Alirudisha mlango mahali pake na X yake, eti watoto wameipenda.

Mashua bado iko juu ya bampu, imeziba nusu ya barabara. Mheshimiwa ameandika mara kadhaa akitaka kuichukua, nami namjibu kwamba klabu huondoa vyombo, haiondoi vizuizi. Kwa hiyo pale sasa hupita gari moja tu kwa wakati.

Ndiyo hali iliyokuwepo jana asubuhi. Ticha Triza alikuwa amesimama katikati ya barabara, kombe mikononi limejaa uji unaofuka moshi, na nyuma yake watoto wamepangwa wameshika kamba, wanatembea mwendo wao. Nyuma ya watoto lilikuwa gari kubwa jeusi, linapiga honi.

"Kweyu!" Mheshimiwa akatoa kichwa dirishani. "Mwambie anipishe! Naitwa makao makuu nikajieleze mambo ya magodoro, na nimechelewa!"

Nikainua bendera nyekundu ninayoongozea magari pale kwenye bampu.

"Mheshimiwa, mwenye kombe ndiye Komodoa. Na hakuna kumpita Komodoa, popote palipo na maji au palipowahi kuwa na maji."

"Hayo maneno niliweka mimi!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na uliyaweka vizuri sana."

Ticha aligeuka akatazama gari. Kisha akaliweka kombe chini, akachutama, akamfuta mtoto wa kwanza makamasi, taratibu, kwa pembe ya leso. Honi ikalia. Alipomaliza, akamwita wa pili.