Wenye Vipande

Idara ya Vyeti ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba tatizo la kutojua nani ameandika nini lingekwisha rasmi Ijumaa, saa nne asubuhi, mbele ya Waziri.

Tangazo lilikuwa na kurasa kumi na moja. Maana yake ilikuwa fupi. Mfumo mpya wa kuchapa vyeti vya kuzaliwa ulijengwa kwa programu huria, yaani vipande vilivyoandikwa na watu wa nje, wakavitoa bure kwa sharti moja: jina la mwandishi libaki ndani ya kipande chake. Sasa kila kipande kilitakiwa kuorodheshwa, na kazi hiyo akapewa karani mmoja mwenye miwani minene, aliyejulikana ofisini kama Bibi Orodha. Mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa hiyohiyo.

Alichambua siku tatu, akapata vipande mia mbili na kumi na vinne. Akaviorodhesha, kila kimoja na jina la mwandishi wake, akampelekea Mkurugenzi.

"Shikamoo, Bibi. Hawa wote ni akina nani?"

"Marahaba. Ndio walioandika mfumo, Mheshimiwa."

"Na sisi tuliandika nini?"

"Picha yako, ile ya ukurasa wa kwanza."

Mkurugenzi akafikiri. "Imetoka vizuri."

"Imetoka, Mheshimiwa."

"Sasa Waziri anakuja kuzindua mfumo tuliobuni wenyewe, mimi nimtolee ukoo wa watu nisiowajua? Futa majina, weka langu. Kote, kwa ajili ya usawa."

"Sharti lao ni jina libaki."

"Si litabaki? Hawakusema la nani."

"Na mkataba wangu?"

"Orodha ikiwa safi, nasaini. Ikiwa chafu, kalee wajukuu."

Bibi Orodha aliomba agizo hilo kwa maandishi. Akapewa, likiwa na mihuri miwili, maana Mkurugenzi hakuwa mchoyo wa mihuri. Akabadilisha majina yote, akaambatanisha agizo nyuma ya orodha kama taratibu zinavyotaka.

Ijumaa ikafika. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alialikwa kupokea cheti cha kwanza. Kikachapwa, watu wakapiga makofi. Mama akakisoma.

"Mbona kinasema mwanangu atazaliwa Ijumaa ijayo? Huyu niliyembeba ni nani?"

Waziri akauliza kwa upole nani aliandika kipande cha tarehe. Orodha ikafunguliwa: Mkurugenzi. Kipande cha herufi? Mkurugenzi. Cha kuchapa? Mkurugenzi.

"Jamani!" Waziri akafurahi kweli. "Kila siku naambiwa hatuna wataalamu, kumbe mmemficha hapa! Rekebisha basi, tunasubiri." Akavuta kiti, akakaa nyuma ya Mkurugenzi.

Mkurugenzi akabonyeza kitufe kimoja cha kompyuta kwa kidole kimoja. Akainama kwa Bibi Orodha.

"Bibi wee, mwenye kipande hiki ni nani?"

"Ni wewe. Ipo kwa maandishi."

"Yule wa kweli!"

"Aa, huyo. Anapatikana sasa hivi, ila ameniandikia kwamba hatengenezi vya watu. Kikirudi kwenye jina lake, dakika tano." Akamwekea mezani karatasi mbili: agizo la kurudisha majina, na mkataba. "Anza na huu mfupi, mwanangu."

Mkurugenzi akasaini zote mbili.

"Unasaini nini hapo?" Waziri akauliza. "Tusomee."

Ikabidi asome majina yote mia mbili na kumi na manne, amesimama, mama akimbembeleza mtoto. Alipofika jina la mia mbili, tarehe ilikuwa imeshakaa sawa.

Waziri hakukasirika hata kidogo. Alisema sauti ile haifai kupotea ofisini. Tangu Jumatatu Mkurugenzi yuko dirisha namba tatu, akiita wanaosubiri vyeti, kila mmoja kwa jina lake kamili.