Zabroni na Kibao cha Shule Kwenye Barabara ya Ziwa

Zimeni redio, enyi mpimao mawese Rumonge, nanyi mwanikao ndagala, dagaa wa ziwa letu, huko Kabonga. Sogeeni, kwa maana inapita habari ya Zabroni mwana wa Karoli, Mng'oa-Vyuma, Ngao ya Kilima Kizima. Na tukiri mapema, kama alivyokiri mwenyewe mbele ya mashahidi: siku ile mjinga alikuwa yeye.

Barabara mnaijua. Yatoka Bujumbura ziwa likiwa kuumeni, yapita Magara penye harufu ya samaki, yaingia Rumonge, yashuka Nyanza-Lac hadi Kabonga, ambako simu huanza kukukaribisha Tanzania hata kama hujahama. Barabara hiyo ilimtoa Zabroni mwaka wa sabini na mbili, mgongoni mwa mama yake, kwa miguu. Na baada ya miaka thelathini na sita ikamrudisha juu ya lori, yeye na mabati yake na mazoea yake ya dereva wa trekta wa Katumba, makazi ya wakimbizi huko Tanzania. Mabati yalikwisha kushika kutu. Mazoea hayakupata hata doa.

Jumamosi hiyo wakwe walikuwa njiani kutoka Kabonga, waje kumposa binti yake Ineza. Hawakuwa wamewahi kufika. Walipewa alama moja tu: mkishapita Rumonge mtaona kibao cha bluu cha shule, chenye mshale; kunjeni kulia, pandeni mlimani. Nacho kibao, ole wetu, lori lilikuwa limekilaza chini juzi yake.

Zabroni akatwaa mtaimbo. Akaishambulia ardhi, mawe yakampinga kwa ukaidi wa jeshi lililozingirwa. Mara tatu nguzo ikamwangusha, mara tatu akainuka akiitukania ukoo. Hata jua lilipofika juu ya migazi, ile michikichi ya mawese, kibao kikasimama wima, kikametameta, upande wa ziwani, kushoto kwa ajaye kutoka Kabonga.

Batuli muuza ndagala, mzaliwa wa Rumonge, akaweka chini bakuli lake.

"Baba Ineza, mbona umekihamisha?"

"Mama," akanena shujaa, mkono kiunoni, "dereva mwenye akili hutazama kushoto kwake. Ndivyo barabara ilivyo tangu kuumbwa!"

"Kuumbwa wapi, Katumba? Huku magari yanapita kuume. Upande huo iko malori ya Nyanza-Lac yanasimama kupakia mawese. Kibao chako kitajificha nyuma yao kama bibi-arusi."

Zabroni akacheka kicheko cha mtu aliyeiona dunia. Alikuwa bado anacheka malori matatu yalipokuja kusimama, moja nyuma ya jingine. Na kwa upande wa pili basi dogo la wakwe likapita mbio, vitenge vikipepea madirishani, likatokomea kaskazini.

Mkewe Agata akashuka mlima na simu mkononi.

"Wamefika Magara! Muzee Venanti, mukwe wetu, anasema wanauziwa samaki tu, shule hawaioni. Wanageuza. Wakipita tena bila kuona njia, ni moja kwa moja Kabonga, na posa imekufa!"

Hapo ndipo shujaa alipoacha kucheka. Posa ya Ineza! Akaikumbatia nguzo, akaing'oa kwa mngurumo, akavuka lami kwa hatua nane. Lakini simba akasita: wajao kutoka Magara wangeona nini ila mgongo wa bati? Na muda wa kuchimba ulikuwa haupo tena. Basi akakigeuza kibao uso kuelekea kaskazini, akakitwika begani, akasimama katikati ya barabara.

"Ewe barabara!" akanguruma. "Ulinitoa na ukanirudisha. Leo simama!"

Honi zikalia, wapakiaji mawese wakapiga miluzi, Batuli akafunika macho kwa kitenge. Na iandikwe, isomwe na wajukuu: saa saba na robo, mbele ya malori matatu na mbuzi wawili, basi la wakwe lilisimama, hatua mbili kutoka tumbo la Zabroni mwana wa Karoli.

Mzee Venanti akashuka, akatazama kibao, akatazama kilima, akatazama ziwa.

"Amahoro, mukwe. Huo mushale wako iko unaonyesha majini. Kwanza ulitupoteza, sasa unataka kutuzamisha?"

"Mshale hauna kosa, mzee wangu. Ninyi ndio mmetoka upande usiofaa."

"Upande usiofaa? Ni wewe ulitupitisha!"

"Dereva wenu hakutazama kushoto!"

"Kushoto kuna nini, mukwe, kama si ziwa?"

Wakabishana hivyo, honi zikiwajibu, mpaka Agata akajipenyeza katikati yao.

"Barabara iko na pande mbili, bamukwe. Mutoto wangu iko mumoja. Munamutaka, ao hamumutaki?"