Hotuba ya Kuzindua Taa Ambazo Tayari Zinawaka

Mheshimiwa Chifu, Mheshimiwa Naibu wa Chifu, mheshimiwa mwakilishi wa Chifu wa lokesheni jirani, ambaye ametuma salamu kwamba hatafika lakini namtaja kwa kuwa jina lake lilikuwa limeshapigwa chapa, Bwana Mwenyekiti wa Kamati ya Zahanati, Bwana Katibu wa huyo Mwenyekiti, watumishi wa Mungu wa madhehebu yote, wakulima wa miwa wa hapa na wa Muhoroni, wafanyabiashara mliofunga maduka Mamboleo mkaja kutusikiliza, kina mama, vijana, mabibi na mabwana, na wewe mama yangu mzazi, Mama Beldina, ambaye nakuona umeketi mstari wa mbele ijapokuwa viti hivyo ni vya wageni rasmi: hamjambo! (Vigelegele. Mama Beldina: "Hatujambo, Zadock. Jua ni kali, sema haraka.")

Mimi, Zadock Obiero, Mratibu Msaidizi wa Mwangaza na Ustawi Mdogo Mdogo wa Wilaya, ninasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wenzangu ofisini Kisumu wamekiri kwamba hawajapata kuuona kwa mtu wa cheo changu, ili kuzindua rasmi Mradi wa Taa za Ziada za Pikipiki ya Magurudumu Manne ya Zahanati, phase one. (Makofi. Mtu mmoja: "Hiyo taa si inawaka tangu Pasaka?") Ndiyo, inawaka, bwana, na ndiyo maana tunaizindua, maana serikali makini haizindui kitu kisichowaka.

Ndugu wananchi, nitangulize background. Pikipiki hii mnayoiona hapa, yenye magurudumu ya mpira mnene kama ya trekta lililokataa kukua, iliachwa na padri mmoja aliyerudi kwao, naye akamkabidhi muuguzi wetu, Sister Dorca Nakhungu, ili awafikie wagonjwa kule ambako gari haliingii, yaani katikati ya miwa na ule udongo mweusi unaomeza viatu. Chombo kilikuwa na nguvu, lakini taa yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa hafifu kama jicho la kuku mgonjwa. (Kicheko.) Nanyi mnajua, kabla ya kukatwa, miwa huchomwa, na ikichomwa, moshi hushuka barabarani mchana mweupe mpaka mtu haoni mkono wake mwenyewe.

Basi msimu uliopita mke wa Bwana Dalmas, huyu jirani yetu aliyeketi kando ya mama yangu, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Dalmas akaja mbio hapa zahanati. Sister Dorca akachukua mkoba wake, akapanda pikipiki, akaingia kwenye moshi. Upande wa pili likatokea trekta lililobeba miwa, na dereva, kwa maneno yake mwenyewe, hakuona taa, hakuona mtu, aliona moshi tu. Sister akakata kona kali, pikipiki ikaingia mtaroni, naye akateguka mkono wa kushoto. Alifanya nini? Aliitisha mkutano? Aliunda kamati ndogo? La! Alifunga mkono kwa leso, akauvaa mkoba begani, akatembea kwa miguu hadi kwa Dalmas, akamzalisha mama yule kwa mkono mmoja, huku akimwamuru Dalmas awe mkono wa pili. (Dalmas, akisimama: "Na mimi nilianguka! Nikaona damu nikaanguka! Akaniambia, 'Amka, Baba, bado sijakuhitaji kama mgonjwa.'" Kicheko kikubwa.) Asante, Dalmas, keti. Mtoto ni mzima, mama ni mzima, na takwimu zetu zinaonyesha kwamba usalama wa uzazi katika eneo hili umepanda kwa asilimia mia moja na ishirini.

Baada ya tukio hilo, ndugu wananchi, ofisi yangu ililitafakari suala hili kwa kina na kwa urefu. (Mama Beldina: "Kwa urefu, hiyo ni kweli.") Wakati tukiendelea kutafakari, Bwana Chege, muuza spea wa Mamboleo, alitoa dukani mwake taa mbili za manjano, akasema nyeupe ukiiwasha katika moshi inakurudia machoni, bali ya manjano inapita. Fundi Khaemba, anayetengeneza umeme wa matrekta hapa sentani kwenye maduka, akajitolea kuzifunga, Sister Dorca akiwa msaidizi wake. Nami Jumamosi hiyo nilikuwa nimekuja kumsalimia mama, nikapita hapo kibandani kwa Khaemba, nikatoa supervision.

Naomba mnielewe vizuri, maana hili ni jambo la kiufundi. Huwezi kuchukua waya wa taa kubwa ukauchomeka tu kwenye swichi ndogo ya usukani, swichi itaungua. Unaweka katikati kidude kinachoitwa rilei. Swichi inatuma moto kidogo tu wa umeme, kama amri, na rilei ndiyo inayobeba moto mzito kutoka kwa betri hadi kwenye taa. Ni sawasawa na utumishi wa umma: mkubwa anasema neno moja, mdogo anabeba mzigo. (Khaemba: "Hapo umesema!") Halafu unaweka fyuzi karibu na betri, ili kukiwa na hitilafu ife fyuzi, pikipiki ipone. Waya unaupitisha mbali na ekzosi, yaani bomba la moshi, unaufunga kwa ukanda wa mpira usichezecheze, na wa kurudi unaukaza kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Baada ya maelezo hayo, mimi binafsi nilifanya jaribio la kitaalamu la kuunganisha waya wa kwanza... (Mama Beldina: "Ulichoma!") Mama, tafadhali. (Mama Beldina: "Ulisema fyuzi ni ya waoga. Waya ikatoa moshi, ukaitupa, ikachoma suruali yako. Si mimi ndio nilishona?" Umati unacheka hadi Chifu anafuta machozi.) Naam, hiyo ndiyo inaitwa pilot study. Matokeo yake ni kwamba fyuzi iliwekwa. Sister Dorca akabonyeza swichi, na ukuta wa posho mill, kile kinu cha unga upande wa pili wa barabara, ukageuka manjano kama ugali wa mahindi ya njano. Khaemba akainamisha taa kidogo zisiwapofushe madereva, na kazi ikaisha.

Sasa, ndugu wananchi, hapa katika karatasi yangu imeandikwa nisome malengo ya mradi. (Mama Beldina: "Wacha karatasi. Sema ile siku.") Mama, kuna protocol. (Sauti nyingi: "Sema ile siku!")

Haya. Ile siku.

Nilikuwa nimemletea mama sukari na majani chai. Tulikuwa tumeketi mlangoni. Shamba la jirani lilikuwa linachomwa, upepo ukageuka, moshi wote ukatujia. Mama ana pumu tangu nikiwa mtoto. Nikamwingiza ndani, nikafunga dirisha, lakini kifua kilikuwa kimeshabana. Anavuta pumzi na haiingii. Dalmas akakimbilia zahanati. Mimi nikasema nina gari la serikali, nitampeleka mwenyewe. Nikamwinua, nikamweka kiti cha nyuma, nikawasha, nikaenda kidogo tu na gari likateleza, likalalia tumbo kwenye udongo. Sikuona hata boneti. Nikapiga honi. Honi inamwita nani? Nikarudi nyuma kwa mama, nikamkalisha wima, nikamshika. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nikamwambia, "Mama, mimi ni Mratibu Msaidizi, watakuja tu." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Naye hakuweza kunijibu, na nyinyi mnamjua mama yangu: hajawahi kukosa jibu.

Kisha moshi ukaanza kuwa wa manjano. Kwanza nikadhani moto umetufikia. Halafu nikasikia injini. Zikatokea taa mbili, na nyuma yake Sister Dorca, kitambaa puani, Dalmas ameng'ang'ania keria. Hakunisalimu. Alisema, "Shika mkono wake hivi, usiuachie." Akapiga sindano. Tukangoja. Nilizitazama taa zile tu, kwa kuwa uso wa mama sikuthubutu kuutazama. Halafu nikasikia sauti, ndogo sana: "Zadock, unanibana mkono." (Vigelegele virefu. Mama Beldina anafuta macho kwa kanga.)

Naam. Tuendelee na programu.

Nawaahidi kwamba katika phase two kila zahanati kutoka hapa hadi Kisian itakuwa na pikipiki, kila pikipiki itakuwa na taa nne, na kila taa itakuwa na kamati yake! (Makofi.) Mwangaza! ("Juu!") Fyuzi! ("Juu!") Moshi! ("Chini!") Hotuba! ("Chini! Chini kabisa!")

Nikimalizia, nitoe shukrani. Namshukuru Bwana Chege kwa taa, fundi Khaemba kwa mikono yake, na Sister Dorca kwa uhai ule ulioketi mstari wa mbele. Naishukuru pia ofisi yangu mwenyewe kwa mchango wake wa kipekee, kwani tangu niajiriwe mradi huu ndio pekee ambao haujachelewa, haujapungukiwa na vifaa wala haujapotelewa na faili, kwa sababu ya msingi kwamba ofisi haikuwahi kuwa nao. Haukupitishwa, haukupangwa, haukuwepo. Uliandikwa jana jioni, na mimi, baada ya mama kuniambia kwamba mtu mzima hupita kwa waliomsaidia akasema asante, nami sikujua namna ya kuja kusema asante bila mradi. (Sister Dorca: "Karibu tu hata bila mradi, Bwana Zadock. Lakini pikipiki naomba, kuna mgonjwa ananingoja." Anaiwasha na kuondoka, umati unampisha.)

Asanteni sana. (Mama Beldina: "Sasa umesema. Keti, kunywa soda.")