Mwokoaji wa Kwanza wa Balangida

Wananchi wote, wakulima kwa wafugaji, walitangaziwa kwamba kuanzia siku ile hakuna mtu atakayezama katika ziwa Balangida bila kufuata utaratibu. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa zahanati, kwenye duka la kijiji na hata kwenye mlango wa ghala la mashamba ya ngano ya taifa, na kila mwenye akili timamu aliona kwamba maendeleo yamefika. Kikosi cha Uokoaji Majini kilikuwa kimezinduliwa. Kilikuwa na mashua moja iliyoletwa juu ya lori la ngano, majaketi ya kuelea, filimbi, kamba mpya ndefu, na mkuu wa kikosi, Ndugu Hermani, mtu mzito aliyehamishwa kutoka ofisi ya mizani.

Kilichopungua ni kitu kidogo tu, maji. Masika Balangida hujaa, kisha jua hulinywa mpaka libaki tope lililofunikwa na chumvi nyeupe. Ndugu Hermani hakuyumba. Aliwaeleza vijana wake kwamba ukame ni wa muda, bali kikosi ni cha kudumu, na akaagiza mashua ipakwe rangi upya.

Nesi Perpetua wa zahanati ya Getanuwas alikipenda kikosi hicho kuliko mtu yeyote. Alizaliwa Bukoba, kando ya ziwa lenye maji mwaka mzima, na mjomba wake alizama huko watu wakiwa wamesimama wanamtazama. Aliposikia kuna watu ambao kazi yao ni kuokoa wenzao, moyo wake ulijaa. Kwa miaka miwili, kila siku yake ya mapumziko alichukua kamera akaenda kuwapiga picha. Hakutumwa na mtu, na filamu alijinunulia mwenyewe. Sasa alikuwa na bahasha nzima: nahodha Akonaay amelala ndani ya mashua, jaketi la kuelea likiwa mto; vijana wakianika mahindi juu ya makasia; Ndugu Hermani akikagua ziwa kwa darubini, na ziwani wapo mbuzi.

"Nesi, hizi picha hazina ushujaa hata kidogo," alilalamika Ndugu Hermani. "Kwa nini usilale pale kwenye tope, nikakuvuta, Akonaay akapiga?"

"Mkuu, mimi napiga ninachokiona."

Ndipo Ndugu Hermani akatoa waraka. Kwanza, uokoaji wowote usianze kabla mpiga picha hajawa tayari. Pili, picha ya mwokoaji wa kwanza itatundikwa ofisini, na kila mtumishi, bila kujali cheo, ataipigia saluti kila asubuhi. Nakala ilikwenda mkoani, mkoa ukaipenda. Msumari aliupigilia mwenyewe siku hiyohiyo, mahali panapolingana na uso wake.

Siku ya Alhamisi, Mama Zita, mjane mwenye shamba huko Getanuwas, alifika kituo cha kikosi akihema. Dume lake la kulimia, Mnada, lilikwenda kulamba chumvi ziwani, likazama kwenye tope mpaka tumboni.

"Shikamoo, mama," alisema Perpetua, aliyekuwapo.

"Marahaba, nesi. Nisaidieni. Bila huyo ng'ombe mimi silimi, na nisipolima watoto wangu watakula nini?"

Ndugu Hermani aliinuka taratibu, uso unang'aa. Tukio! Tena siku mbili tu kabla ya ziara ya mgeni rasmi kutoka mkoani. Akatoa maelekezo papo hapo: ng'ombe asiguswe. Ataokolewa Jumamosi, baada ya hotuba na kabla ya chakula.

"Jumamosi?" Mama Zita alishika kichwa. "Yaani Mnada akae kwenye tope mpaka mgeni aje ale wali?"

"Mama, usiwe na wasiwasi. Mnyama huyu sasa yuko chini ya uangalizi wa kikosi."

Na kweli kikosi kiliangalia. Mnada alipelekewa pumba, maji na majani mabichi, ili tukio lisije likafa. Akonaay aliwekwa lindoni. Mama Zita naye aliketi ukingoni, hakuondoka.

Perpetua alirudi nyumbani na aibu. Miaka miwili alisubiri picha moja ya mtu akiokoa, na sasa, Mungu amsamehe, sehemu fulani ya moyo wake iliitamani Jumamosi. Akawakumbuka wale waliosimama wakimtazama mjomba. Asubuhi ya Ijumaa alikwenda ziwani, kamera ameitupia mgongoni, akamkuta Akonaay.

"Akonaay, leta kamba ya mashua."

"Mkuu atanila nyama."

"Atakula wali kesho. Leta."

Wanawake waliokuja kuchota chumvi walitandaza mabua ya ngano juu ya tope, wakachimba kuzunguka miguu, kamba ikafungwa kwenye pembe zake, wote wakavuta. Perpetua alivuta mpaka viganja vikachubuka, na picha hakupiga hata moja. Mnada alitoka, akajikung'uta, akawapaka wote matope. Mama Zita alilia kwa furaha.

Ndipo filimbi ikasikika. "Rudisheni! Rudisheni huyo ng'ombe!" Ndugu Hermani alikuwa anakuja mbio, amevaa sare ya sherehe, na kwa haraka aliyokuwa nayo hakupita juu ya mabua. Hatua chache tu, akazama mpaka kiunoni.

"Akonaay! Niokoe!"

Akonaay alisimama wima kama inavyotakiwa. "Mkuu, waraka unasema mpaka mpiga picha awe tayari."

Wote wakamgeukia Perpetua. Perpetua akaishusha kamera mgongoni, akapuliza vumbi, akafuta lenzi kwa kanga, akarudia kuifuta.

"Nesi, nakuomba!"

"Subiri kidogo, mkuu. Jua limekaa vibaya."

Alipokuwa tayari, watu walivuta wakashindwa, maana mizani haikumpunja mkuu. Mama Zita akaifunga tena kamba kwenye pembe za Mnada, akampigia mluzi. Dume likaenda mbele, kichwa juu, na Ndugu Hermani akatoka kifudifudi, buti moja likabaki. Perpetua akapiga.

Jumamosi mgeni rasmi alifurahi mno kusikia kwamba uokoaji umefanyika. Ndugu Hermani, aliyekuwa amevaa kandambili, alieleza kwa kifupi kwamba aliyeokolewa ni mwananchi mmoja mzembe. Mgeni akaichukua filamu mwenyewe ikasafishwe Arusha, waraka utekelezwe.

Mwezi uliofuata picha ilirudi ndani ya fremu, kubwa, na mhuri wa mkoa. Ilienea vizuri sana kwenye ule msumari. Kila asubuhi watumishi wote, bila kujali cheo, huipigia saluti.

Mvua zilipoanza, Perpetua alipita kituoni na filamu mpya. Mama Zita naye alikuwa anapita na Mnada kwenda kulima, na Ndugu Hermani amesimama mlangoni na chai yake. Mkono wa mkuu ukapanda wenyewe mpaka kwenye kofia, ukatulia hapo mpaka ng'ombe alipokwisha kupita.

Perpetua alipiga alichokiona.