Namba Nane Hayupo

Jumatatu, 8 Julai 2024. Bugembe.
Leo nimeanza kazi. Binti yangu Lillian, mwalimu kule Mbale, anataka picha za mijusi wa nyuma ya nyumba yangu. Atazibandika darasani na chini ataandika: Zimepigwa na Afande Geresom. Jumamosi wazazi watakuja kusoma. Yeye alitaka picha mbili tatu tu. Nikamwambia nitaleta wote, hesabu kamili. Miaka thelathini na moja nimelinda gereza, hakuna mfungwa aliyenitoroka. Mijusi ndio watanishinda?

Nimewapa namba. Kila mmoja picha ya mbele na ya ubavu. Asubuhi, baridi kali, nikapata saba. Namba Tatu mkubwa, wa kijivu, mkia umekatika. Saa sita mchana nikapata Namba Nane. Kichwa buluu kama sare mpya, mkia umekatika vilevile. Huyu akaniinamishia kichwa mara nne. Amejua cheo changu.

Nikampigia Lillian simu: nane.

Jumanne, 9 Julai.
Hesabu ya asubuhi, saba. Namba Nane hayupo. Hesabu ya mchana, saba. Namba Nane yupo, Namba Tatu hayupo. Wanapokezana zamu. Nani amewapa ruhusa?

Mke wangu Eseza anasema, Mzee, rudia kuhesabu. Nimerudia mara tano. Mimi sikosei. Wao ndio wanakosea.

Jumatano, 10 Julai.
Jirani yangu Swaib, muuza saruji, tunatumia ukuta mmoja. Nikamwambia anaficha mtu wangu. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Eti Afande, huyo ni mmoja tu, asubuhi ana baridi hana rangi, akiota jua kichwa kinageuka buluu. Nikamwuliza, bwana Swaib, mimi naota jua kila siku, umeona nimegeuka buluu? Akasema labda sijaota la kutosha.

Muuza saruji anataka kunifundisha ulinzi.

Nimepekua ua wake wote. Mkewe Nabila akanipa chai na mandazi. Nilikula nikiwa kazini, macho ukutani.

Alhamisi, 11 Julai.
Eseza amechoka na mimi. Akasema nikae na Namba Tatu tangu asubuhi, nisimwondolee jicho. Nimekaa. Saa moja, kijivu. Saa tatu jua likampiga. Saa nne shingo ikaanza, kisha kichwa chote. Buluu. Nimeona kwa macho yangu mawili.

Eseza akasema, haya, umeona sasa.

Nimeona. Namba Tatu amevaa sare ya Namba Nane. Mchezo huo naujua toka gerezani. Mwenzake ametoroka, yeye anamjazia nafasi wakati wa hesabu. Basi Swaib hakuficha mtu. Nimemsamehe, ingawa hakuomba.

Lakini roho inauma. Picha zinasema nane, ua unasema saba. Wazazi wa Mbale wakijua, jina langu limekwisha.

Jumamosi, 13 Julai. Mbale.
Darasa limejaa. Picha ziko ukutani, watu wanasoma jina langu kwa sauti. Nimesimama wima karibu nazo ili wasinipotee.

Mama mmoja, anaitwa Nakisige, ana macho ya polisi. Akauliza mbona Namba Tatu na Namba Nane wamekatika mkia mahali pamoja. Nikamjibu ni ndugu. Akauliza tena, na wote nane wapo bado kwako, Afande? Nikatazama dirishani nipate la kusema.

Nje, juu ya ukuta wa shule: kichwa buluu. Ananiinamia kama siku ile. Mkia mzima. Ameuotesha njiani.

Nikatoka mbio na simu. Picha ya mbele, picha ya ubavu. Nikarudi, nikamwambia yule mama: wote nane wanajulikana walipo. Watu wakapiga makofi.

Lillian akanivuta pembeni. Baba, huyo mjusi yuko kwenye ukuta ule tangu mwaka jana.

Tangu mwaka jana. Kumbe alianza kutoroka kabla hata sijampa namba. Mjanja sana huyu. Na bado nimemkamata.